Nero, mufalme aliyechanganya feza na shaba

Jina la Nero tunalisikia mara nyingi ku kanisa na ku masomo: mufalme wa Roma aliyetesa Wakristo. Lakini watu wachache wanajua maisha yake toka mwanzo mpaka mwisho. Leo tunaeleza namna alivyopata ufalme angali kijana, namna alivyoutumia, na namna alivyoukosa kwa siku chache tu. Mutaona kwamba hakuanguka sababu ya ukali peke yake. Makuta pia yalimuangusha.

Alizaliwa tarehe 15 Desemba mwaka wa 37 kisha Yesu, mu muji mudogo wa Antium, pembeni ya bahari. Jina lake la kwanza ni Lucius Domitius. Baba yake alikufa wakati mutoto alikuwa na miaka tatu. Mama yake, Agrippina, alikuwa dada ya mufalme Caligula, lakini Caligula alimufukuza mbali, na mutoto alibaki kwa shangazi yake. Kisha Caligula aliuawa, Claudius akashika ufalme mu mwaka wa 41, akamurudisha Agrippina.

Agrippina alikuwa mwanamuke wa akili na wa tamaa. Mu mwaka wa 49 aliolewa na Claudius, hata kama Claudius alikuwa baba yake mudogo. Claudius alikuwa na mutoto wake mwenyewe, Britannicus, lakini Agrippina alimusukuma mpaka akamupokea mutoto wake pia na kumupa jina la Nero. Akamuozesha binti ya Claudius, Octavia. Mu Oktoba 54 Claudius alikufa gafula. Watu wengi walisema bibi yake alimupa sumu ndani ya uyoga. Nero alikuwa na miaka 16 tu.

Ile siku hawakumupeleka kwanza kwa wazee wa baraza. Walimupeleka mu kambi ya askari walinzi wa mufalme, na kule aliahidi makuta kwa kila askari. Walinzi wakamupokea, na wazee wakakubali nyuma. Tushike neno hilo, sababu litarudi mbele.

Miaka ya kwanza haikuwa mibaya. Nero alikuwa na wakubwa wawili wa kumuongoza: Seneca, mwalimu wake, na Burrus, mukubwa wa walinzi. Wao walifanya kazi ya utawala, yeye alipenda kuimba, kupiga kinubi na kukimbiza magari ya farasi. Lakini hata wakati ule kifo kilikuwa kinaingia mu nyumba. Mu mwaka wa 55 Britannicus alianguka ku meza ya chakula, akakufa mbele ya wote. Mu mwaka wa 59 Nero alichoka na mama yake, aliyetaka kutawala pamoja naye. Alimutengenezea mashua yenye kuvunjika yenyewe juu ya maji. Mashua ikavunjika, lakini mama akaogelea, akapona. Basi mutoto akatuma watu wamumalize mu nyumba yake. Mutu aliyeua mama yake, nani tena atakayemuogopesha?

Mu mwaka wa 62 Burrus alikufa, Seneca akaomba kupumuzika. Pa nafasi ya Burrus akaingia Tigellinus, mutu wa kuitika ndiyo kwa kila neno la bwana wake. Octavia akafukuzwa, akauawa mu kisiwa, na Nero akaoa Poppaea. Toka pale, pembeni ya mufalme hakubaki mutu wa kumuambia hapana.

Kisha ikaja moto. Usiku wa tarehe 18 kwenda 19 Julai 64, moto ilianza mu maduka karibu na uwanja mukubwa wa mashindano. Iliwaka siku sita, ikazimika, ikaanza tena. Roma ilikuwa na kartie 14: tatu ziliungua zote kabisa, saba ziliharibika sana, ine tu zilipona. Nero alikuwa ku Antium. Tuseme haki yake: alirudi, akafungulia watu wasio na nyumba bustani zake, akaleta chakula, akapunguza bei ya ngano. Akaweka pia sheria nzuri za kujenga: njia pana, na kila nyumba na kuta zake mwenyewe. Lakini uvumi ulipita mu muji kwamba mufalme alikuwa akiimba wakati watu wanaungua, tena kwamba yeye mwenyewe aliamuru moto. Ili kuondoa uvumi ule, alitupa kosa juu ya Wakristo. Wengine walipasuliwa na imbwa, wengine walitundikwa ku musalaba, wengine walichomwa usiku kama taa mu bustani zake. Eklezia inashika kwamba watakatifu Petro na Paulo walikufa mu utawala wake.

Watu wangali wanalala inje, Nero akaanza kujijengea nyumba kubwa kupita zote, yenye jina la Nyumba ya Zahabu. Ndani yake ziwa, mashamba, nyama za pori, na sanamu yake mwenyewe, ndefu kupita metre 30. Kazi ile yote ilitaka makuta. Wajumbe wake wakakamua majimbo, wakatoa mpaka zahabu na feza ya mu mahekalu.

Haikutosha. Basi akagusa makuta yenyewe. Mbele, mu livre moja ya feza walikuwa wanatengeneza vipande 84. Nero akaamuru watengeneze 96, na ndani ya feza waongeze shaba. Ninyi wenye kazi ya shaba munaelewa mara moja: ukitia shaba kidogo mu feza, inangaa bado, na jicho linadanganyika. Lakini mizani haidanganyiki. Askari na mufanyakazi walipokea hesabu ile ile ya vipande, lakini mu kila kipande feza ilikuwa imepunguka.

Mu mwaka wa 65 wakubwa wengine walifanya shauri la kumuua. Shauri likajulikana, na wengi wakakufa. Hata Seneca, muzee aliyemulea, aliamuriwa kujiua.

Mwaka ule ule mutu mumoja wa Afrika ya kaskazini, Caesellius Bassus, alifika Roma na habari. Aliona mu ndoto kwamba mu shamba lake kuna shimo refu, na ndani yake zahabu nyingi ya malkia wa zamani wa Carthage, kule tunakoita leo Tunisia. Nero hakutuma hata mutu wa kupima. Alituma mashua za mbio za kubeba zahabu. Tena, kabisa mbele ya zahabu kutoka, alianza kutumia makuta yake ya zamani kama vile ile ingine imekwisha kufika. Bassus akachimba huku na huku, askari na watu wa vijiji wakachimba pamoja naye. Hawakuona kitu. Deni njo ilibaki.

Mu mwaka wa 66 Nero aliacha Roma, akaenda Ugiriki kuimba mu mashindano. Ku Olimpia aliendesha gari la farasi kumi, akaanguka, hakumaliza mbio, na wakamupa taji. Alirudi na zawadi 1808. Ku Corinth alianza kazi ya kukata inchi ili mashua zipite toka bahari moja kwenda ingine. Yeye mwenyewe alichimba kwanza, akajaza kitunga cha udongo, akabeba ku mabega. Kisha akaachia kazi wafungwa: Wayahudi 6000 waliokamatwa mu vita walitumwa kule kuchimba. Mufalme akaenda zake, na kazi ikasimama.

Mu mwaka wa 68 majimbo yalichoka. Mu inchi ya Ufaransa ya leo, gavana Vindex alisimama kwanza, sababu ya kodi. Yeye alishindwa, akakufa, lakini Galba wa Hispania alikuwa amekwisha kusimama, na mukubwa wa askari wa Afrika pia. Mu Roma ngano ilipanda bei. Mashua ikafika toka Aleksandria, watu wakangojea chakula. Kumbe ilileta muchanga kwa wapiganaji wa mieleka wa mufalme. Ile siku hata wadogo waliompenda kwa michezo yake walimugeukia.

Mwisho ulikuja mu kambi ile ya walinzi. Mukubwa wao Nymphidius aliwaahidi, kwa jina la Galba, makuta mara mbili kupita yale Claudius aliwapa zamani. Wakamuacha Nero usiku. Aliamuka, hakukuta mulinzi ku mulango. Baraza likamuhukumu kuwa adui. Alikimbia juu ya farasi, kichwa kimefunikwa, na watumishi wachache, mpaka ku nyumba ya Phaon, mutumwa wake wa zamani. Mu njia alikunywa maji ya kidimbwi kwa mukono. Alipowasikia farasi wa askari, alijichoma kisu ku shingo, na mutumishi mumoja akamusaidia kumaliza. Alikuwa na miaka 30. Waliomuzika ni walezi wake wawili na Acte, mwanamuke aliyempenda zamani.

Galba akakatala kulipa ile ahadi. Mu Januari 69 walinzi wakamuua yeye pia. Mutu aliyenunuliwa mara moja ananunulika tena.

Nyumba ya Zahabu wafalme wengine waliivunja na kuizika. Pa nafasi ya ziwa wakajenga uwanja wa Colosseum. Lakini ku Corinth, wakati mafundi wa karne ya 19 walirudi kukata ile inchi, walikamata njia ile ile, na kazi ikamalizika mu 1893. Walikuta mashimo ya wafungwa wa Nero yangali pale, kisha miaka 1800. Majina ya wale waliochimba hakuna aliyeyaandika.