Bibi wa Ngong na Jina Lililokwama

Huku kwetu Gikomba mtu akilalamika kwamba viungo vinamuuma, jina la kwanza atakalopewa ni malaria, na la pili ni baridi yabisi. Mimi nilibeba majina hayo miaka kadha, pamoja na vidonge vyake, mpaka daktari bingwa aliponipima damu akanieleza kwamba kinga ya mwili wangu ndiyo inayovishambulia viungo vyangu mwenyewe. Ndiyo sababu maisha ya marehemu Bibi Karen Blixen yananigusa kuliko yanavyomgusa mtalii aendaye kutazama nyumba yake kule Karen, iliyofanywa jumba la makumbusho mwaka 1986.

Bibi huyu, mzaliwa wa Denmark mwaka 1885, alitua Mombasa Januari 1914, akaolewa na Bror Blixen, wakaenda kulima kahawa karibu na milima ya Ngong. Haukupita muda mrefu akaugua. Daktari wa Nairobi akamwambia ana kaswende, naye akaamini kaipata kwa mumewe. Akapewa vidonge vya zebaki. Mwaka 1915 alifunga safari ya meli hadi Copenhagen kumwona bingwa, akatibiwa kwa dawa yenye aseniki. Msomaji asishangae, sumu hizo mbili ndizo zilizokuwa tiba zama hizo. Penisilini ilikuwa bado.

Alirudi shambani, lakini maumivu ya tumbo yakawa yanamrudia. Shamba lilipouzwa mwaka 1931 alirejea kwao, na mwaka 1937 kikatoka kitabu chake mashuhuri juu ya Kenya. Mwaka 1946 alipasuliwa mgongo, mishipa ya fahamu ikakatwa ili apate nafuu. Miaka kumi hivi baadaye akakatwa sehemu ya tumbo. Na kila aumwapo, lawama ni kwa kaswende ile ile.

Baada ya kufa kwake madaktari wa Denmark walipitia upya habari za ugonjwa wake. Wako wanaosema kaswende ilikuwa imepona zamani, na kwamba huenda zilizomdhuru ni zile dawa zenyewe. Hawajakubaliana. Kwa maoni yangu, wa kulaumiwa si yule daktari wa Nairobi, maana vipimo alivyokuwa navyo vilikuwa vichache. Nawalaumu waliomfuata, waliolikuta jina limekwisha kuandikwa wakaliacha hapo hapo.

Bibi Blixen alifariki Rungsted tarehe 7 Septemba 1962, amekonda mno, chakula hakipiti.