Roy Orbison: Sauti Isiyozimwa na Msiba

Tangu tulipomzika kakangu mwaka jana, sikutaka tena kusikia habari za kwaya. Kisha nikasoma maisha ya Roy Orbison, mwimbaji na mtunzi wa muziki wa roki.

Alizaliwa Texas, Marekani, mwaka wa 1936. Alipotimiza miaka 6, babake alimpa gitaa. Mwaka wa 1960 wimbo wake "Only the Lonely" ulivuma, na "Oh, Pretty Woman" wa 1964 ukamfikisha kileleni.

Lakini ngojeni! Mwaka wa 1966 mkewe, Claudette, alifariki katika ajali ya pikipiki. Miaka 2 baadaye, Roy akiwa ziarani Uingereza, nyumba yake iliteketea na wanawe 2 wakafia humo. Je, alilitupa gitaa? La hasha! Ingawa sifa zilififia kwa miaka mingi, aliendelea kuimba. Mwaka wa 1988 aliungana na akina Bob Dylan na George Harrison katika bendi ya Traveling Wilburys, akavuma upya. Desemba mwaka huo huo akafariki kwa ugonjwa wa moyo, akiwa na miaka 52.

Mimi nimesharudi kwaya, wenzangu. Sauti bado inakwama kidogo, lakini naimba.