IMAMU BUKHARI NA MAKOSA YA KUHIFADHI

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Jina lake ni Muhammad bin Ismail, na kuniya yake ni Abu Abdillahi. Alizaliwa mji wa Bukhara, mwezi wa Shawwal, mwaka 194 wa Hijra (810 Miladi). Baba yake alifariki naye angali mdogo, akalelewa na mama yake.

Imepokewa kuwa alipokuwa na umri wa miaka 11 alihudhuria darasa ya Sheikh Addakhili. Siku moja sheikh alitaja isnadi, akasema kuwa Sufyan kapokea kwa Abu Zubeir, naye kapokea kwa Ibrahim. Kijana akamwambia kuwa Abu Zubeir hakupokea kwa Ibrahim. Sheikh akamkemea. Kijana akamwomba arejee katika kitabu chake cha asili. Sheikh akaingia ndani, akatazama, kisha akatoka akamwuliza ilivyo. Akamjibu kuwa ni Zubeir bin Adi. Sheikh akatwaa kalamu, akasahihisha.

Sheikh yule hakuwa mwongo. Abu Zubeir alikuwa mtu wa Makka, na Zubeir bin Adi mtu wa Kufa, mji wa Ibrahim. Majina yalikaribiana, na moyo ukaweka moja mahali pa jingine. Ndivyo mwanadamu anavyokosea katika kuhifadhi: si kusahau tu, bali hubadilisha asijue, akashikilia kosa kwa yakini.

Kwa sababu hiyo wanavyuoni wa Hadithi hawakutosheka na ucha Mungu wa mpokezi. Walipima na hifdhi yake. Walilinganisha riwaya yake na za wenziwe. Akiwakhalifu walio madhubuti kuliko yeye, riwaya yake ikawekwa kando. Na mzee aliyechanganyikiwa ukubwani, walikubali yaliyosikiwa kwake kabla ya hapo. Bukhari akazidisha sharti: ithibiti kuwa mpokezi alikutana na yule anayempokea.

Alipofika Baghdad, imepokewa, wanavyuoni walimjaribu. Walichanganya isnadi na matini za Hadithi 100, wakawapa watu 10, kila mtu 10. Kila aliyoulizwa alijibu kuwa haijui. Walipokwisha, akairejesha kila isnadi kwa matini yake.

Na juu ya hifdhi hiyo, aliandika. Kitabu chake, Sahihi, alikikusanya kwa miaka 16, akikichagua katika riwaya kiasi cha 600,000, na haweki Hadithi ila kwanza aoge na kusali rakaa mbili. Alifariki usiku wa Idi ya Mfungo Mosi, mwaka 256 (870 Miladi), kijiji cha Khartank karibu na Samarkand.

Basi aitwaye mbele ya kadhi na azingatie. Haki ya mtu yaweza kupotea kwa ulimi wa shahidi mkweli. Aseme aliyoyaona kwa macho yake, ayatenge na aliyoyasikia kwa watu. Penye shaka aseme ana shaka. Na akionyeshwa kosa, arejee kama alivyorejea Sheikh Addakhili mbele ya mtoto.

Wallahu aalam.