Shanu wa Boma, mwenye magazini na mashini ya foto

Sisi wa Bibokoboko, tukitaka foto ya kitambulisho tunashuka Baraka. Lakini ile mashini kubwa ya zamani, ya miguu mitatu, yenye kupiga foto juu ya kioo, hata Baraka hauipati mu magazini. Ni mashini za namna ile njo wapiga foto walitumia mu wakati wa Herzekiah Andrew Shanu. Vioo na dawa za kuoshea foto vilitoka Ulaya kwa meli, na Boma ilikuwa bandari.

Shanu alizaliwa 1858 mu Nigeria ya leo. Alikuwa mwalimu, kisha mu 1884 akaingia kazi ya Leta ya Léopold II. Aliitafutia Leta hiyo askari kule kwao; hatufichi. Ku Boma alikuwa karani na mkalimani. Mu 1893 akajitegemea: magazini, kazi ya ushoni, kufua nguo, vyumba vya wageni. Foto zake zilitoka mu gazeti Le Congo illustré.

Wateja wake walikuwa sana sana bazungu wa Leta, na hapo njo aliumia. Kuanzia 1903 alimtumia Morel, kule Uingereza, habari za mateso ya wafanyakazi. Kisha hata karatasi za hukumu ya Caudron, wakala wa mpira aliyeua watu. Leta ikajua. Ikakataza watumishi wake kununua kwake. Magazini ikabaki na vitu vyake, bila mnunuzi. Mu Julai 1905 Shanu akajiua.