Saint-Exupéry, rubani mgeni

Antoine de Saint-Exupéry, mzaliwa wa Lyon, 1900, tunamsoma kitivoni kama mwandishi. Mimi napenda kumtazama mwaka 1926, alipoomba kazi ya urubani katika kampuni ya Latécoère, Toulouse, iliyopeleka barua hadi Dakar. Mkuu wa safari, Didier Daurat, hakumpa ndege upesi. Alimtuma karakana akasafishe injini pamoja na mafundi, kama kila rubani mgeni. Ukoo wake wa kikabaila haukumsaidia kitu.

Baadaye akaruka Toulouse hadi Casablanca, kisha Casablanca hadi Dakar. Mwishoni mwa 1927 akapangiwa kuongoza kituo cha Cap Juby, leo Tarfaya, Moroko: kibanda cha mbao kando ya ngome ya Wahispania, huku bahari, huku jangwa. Rubani aliyeangushwa na injini aliweza kutekwa na Wamoori na kudaiwa fedha za kumkomboa. Mkuu wa kituo ndiye aliyekwenda kumtafuta na kujadiliana nao. Akajifunza Kiarabu kidogo. Naona Daurat alichagua vizuri, kazi ile ilitaka mtu wa maneno. Usiku, juu ya ubao uliolazwa kwenye mapipa, aliandika Courrier Sud, iliyotoka 1929. Mwaka huohuo kampuni ikampeleka Buenos Aires.