Theodore Gordon na Manyoya ya Jogoo

Ukiambiwa kuna bwana aliyetumia maisha yake kuchambua manyoya ya jogoo, huenda ukacheka. Hata mimi nilicheka kwanza.

Theodore Gordon alizaliwa mwaka wa 1854 mjini Pittsburgh, Marekani. Afya yake ilikuwa mbovu, kifua kikimsumbua. Hakuoa. Miaka yake ya mwisho aliishi kando ya mto Neversink, katika milima ya Catskill, jimbo la New York, akifunga nzi bandia wa kuvulia trauti, samaki ambaye sisi tuliletewa katika mito yetu ya milimani mwaka wa 1905.

Mwaka wa 1890 Gordon alimwandikia Frederic Halford wa Uingereza, bingwa wa nzi wanaoelea. Halford akamtumia nzi wake. Walikuwa wazuri ajabu, ila walifungwa kwa ajili ya mito ya huko, iliyotulia kama maji ya beseni. Neversink nao ni wa mawe na mbio! Gordon angeweza kunakili tu, yaishe. La, alishuka mtoni akachungulia wadudu wa kwao, kisha akaanza kusaka manyoya.

Hapo ndipo penye kazi. Unyoya ufaao hutoka shingoni mwa jogoo. Wa kuku jike ni laini, hunywa maji. Hata huo wa jogoo una malaika laini pale chini. Hayo hunyofolewa yote, la sivyo nzi atazama. Halafu unyoya huzungushwa kwenye ndoana, nyuzi zake zikasimama kama miguu ya mdudu. Je, zikizidi urefu? Mkono unakimbilia makasi, lakini ncha zikikatwa hubaki butu na nzi hakai vyema majini. Afadhali kutafuta unyoya mfupi zaidi, na waweza kupekua shingo nzima upate machache tu. Gordon alihangaika hasa na yale ya rangi ya moshi, maana ni adimu.

Nzi wake mashuhuri ni Quill Gordon, ambaye mwili wake ni uti wa unyoya wa tausi ulioparuliwa ukabaki mtupu.

Alifariki tarehe 1 Mei 1915. Ujuzi wake alikuwa amemwonyesha Roy Steenrod, karani wa posta. Sehemu ya bonde lile ilifunikwa na maji ya bwawa lililokamilika mwaka wa 1953. Nzi wake bado hufungwa, na hata hapa Kenya wako mafundi wanaofunga nzi wa kuuzwa ng'ambo, shingo ya jogoo mezani.