Anuarite Nengapeta, binti wa Wamba

Ndugu wana Wamba, mlioko nyumbani na mlioko mbali,

Katika kitabu cha mchango wa mwaka huu tunamkumbuka Mwenyeheri Anuarite. Jinsi alivyokufa tunajua sote. Jinsi alivyoishi huulizwa na wachache, na huko ndiko kuna funzo letu.

Alizaliwa Wamba tarehe 29 Desemba 1939, mtoto wa Wabudu. Jina lake la nyumbani lilikuwa Nengapeta, maana yake mali hudanganya. Alipopelekwa shuleni aliandikwa kwa jina la dada yake, Anuarite. Kosa hilo halikurekebishwa, naye akalibeba jina hilo hadi mwisho.

Alipotaka kuwa mtawa, mama yake hakuwa tayari kumwachia. Siku kamioni ilipochukua wasichana kwenda Bafwabaka, alipanda kimyakimya akaenda nao. Tarehe 5 Agosti 1959 aliweka nadhiri katika shirika la Jamaa Takatifu, akaitwa Sista Marie-Clémentine.

Kule Bafwabaka alifundisha watoto wa shule ya msingi, akatunza sakristia, akasaidia jikoni. Tusidhani alizaliwa mpole. Moyo wake ulikuwa mwepesi kuguswa, na mambo ya wenzake yalimuudhi kama yanavyotuudhi sisi. Lakini akiona amemkosea mtu, alimwendea na kuomba radhi. Kazi waliyoikwepa wengine aliishika yeye, wala hakungoja ashukuriwe.

Mwaka 1964 uasi wa Simba ukafika kwetu. Wengi waliuawa, akiwemo Askofu Wittebols wa Wamba. Tarehe 29 Novemba waasi walifika Bafwabaka, wakawapakia masista kwenye kamioni na kuwapeleka hadi Isiro. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Desemba, Kanali Olombe alitaka kumchukua Anuarite kwa nguvu. Alikataa. Kanali akampiga vibaya, na katikati ya mapigo yale Anuarite alimwambia kwamba anamsamehe, kwa kuwa hajui analolitenda. Alichomwa visu, kisha akapigwa risasi. Alibakiza majuma manne tu kutimiza miaka 25.

Msamaha wa namna hiyo hauokotwi njiani. Anuarite aliuzoea Bafwabaka, siku kwa siku, katika ugomvi mdogo wa jikoni na wa darasani. Aliyezoea kusema nisamehe kwa jambo dogo, hakushindwa kusema nimekusamehe kwa jambo zito.

Tarehe 15 Agosti 1985, mjini Kinshasa, Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza Mwenyeheri, na siku hiyo naye akatamka msamaha kwa aliyemwua. Masalia yake yako katika kanisa kuu la Isiro, na sikukuu yake ni tarehe 1 Desemba.

Ndugu zetu, mwaka ule uliacha makaburi katika familia nyingi za kwetu, na wapo pia vijana wa kwetu walioshika mikuki. Watoto na wajukuu wa pande zote mbili leo wanateka maji kisima kimoja na kupiga magoti kanisa moja. Hata ndani ya chama chetu wapo wasiosalimiana kwa sababu ya uongozi, au kwa hesabu za mchango uliopita. Barabara haitengenezwi na watu wasiosemezana.

Kwa hiyo, kabla hujajaza fomu iliyo ukurasa wa mwisho, mwendee yule mliyekosana. Ukiwa mbali, mpigie simu. Kisha toa ulicho nacho, kikubwa au kidogo, bila kumpima jirani yako. Majina ya waliochanga yatasomwa kwa alfabeti, bila kutaja kiasi, ili mwenye faranga chache asione haya na mwenye nyingi asijivune. Nengapeta alilijua hilo tangu alipopewa jina: mali hudanganya. Wema hubaki.